Mtaa Ulionyolewa

Mgeni akiulizia mtaa ule hakutajiwa jina. Aliambiwa tu: nenda moja kwa moja, jua likizimika ghafla ujue umefika. Miti ilisimama pande zote mbili za barabara, na huko juu matawi yalikuwa yameshikana mikono kama ndugu waliopatanishwa, yakafanya dari la majani kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini. Mvua ikianza, mtaa ule ulikuwa wa mwisho kulowa. Mvua ikikatika kila mahali, wao ndio kwanza wanadondoshewa. Maharusi walikuja kupigwa picha hata kama hawana ndugu wala jamaa hapo, na madereva wa magari ya mizigo walipunguza mwendo, si kwa adabu, bali ili wapoe.

Basi wenye mtaa wakavimba vichwa. Ukiwasikiliza, kila nyumba ilikuwa na babu aliyeipanda miti ile kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba yenye babu aliyeimwagilia maji haikuwepo.

Mbele ya nyumba ya mjane mmoja, ya mwisho kabisa kwenye kona ya chini, ulikuwepo mti mnene kuliko yote, na chini ya mti huo alifanya kazi mpwa wake, msusi, msichana ambaye watu walimwita Mkono Mwepesi. Jina hilo hakupewa bure. Mteja alikaa kitini akaanza kusimulia alivyoachwa na mume, na kabla hajafika kwenye tusi la kwanza la mawifi, kichwa kimekwisha. Wapo waliolipa wakabaki wamekaa ili wamalizie kisa. Mali yake ilikuwa viti viwili vya plastiki, chanuo, mkasi, kopo la mafuta, mfuko wa nywele za bandia, na kioo alichokitundika kwenye msumari aliougongomea shinani. Watu wa mtaa walidhani yule msichana hana maneno. Maneno alikuwa nayo, ila mdomoni alikuwa na uzi.

Ndani hakuweza kusukia. Chumba cha mbele cha shangazi yake kilikuwa na bati lililoinama mpaka karibu na utosi, na jua likipanda, mafuta ya nywele yaliyeyuka kwenye kopo. Hakuna mwanamke anayekubali kuokwa ili apendeze. Kwa hiyo ule mti ndio uliokuwa duka, na duka ndilo lililokuwa chungu cha nyumba ile ya watu wawili. Mti ukiondoka, chungu kinakaa kifudifudi. Shangazi alilijua hilo, msusi alilijua hilo, na wateja walilijua bila kuambiwa.

Upande wa pili wa barabara, likitazamana na mti huo uso kwa uso, lilikuwepo geti la Mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa mtu wa suti, sauti na saruji. Kichwani hakuwa na hata unywele mmoja wa kuapia. Mbele ya geti lake na yeye alikuwa na mti, lakini alitaka pahali pa kuegesha magari, akamwaga saruji mpaka ikakumbatia shina, kisha juu ya saruji hiyo akawa anaoshea magari na kumwaga oili chafu. Mti ukavumilia kama wanavyovumilia wake wengi, kimya kimya, halafu ukakauka. Mwenyekiti akaagiza matawi makavu yakatwe, kikabaki kisiki kirefu chenye vijitawi viwili vya kubembelezea.

Msusi alikuwa na kawaida ya kulitazama lile dari anaposubiri wateja, na kwa sababu ya kazi yake aliliona kama kichwa: nywele nzito, zilizoshiba, zimelala vizuri. Ila pale mbele ya kwa Mwenyekiti palikuwa na upara. Na hata upara wenyewe haukuonekana sana, maana mti wa shangazi ulikuwa umenyoosha mkono juu ya barabara ukaufunika, kama mtu anayemfunika mlevi shuka asiaibike.

Zikaja habari kwamba ofisi ya jiji inatafuta mtaa unaopendeza kuliko yote. Mtaa utakaoshinda utapewa kibao kikubwa na taa za barabarani, na picha ya mwenyekiti wake itatundikwa ukumbini. Hilo la picha ndilo lililomnyima Mwenyekiti usingizi. Alikuwa na mpango wa kugombea udiwani, na picha iliyokwisha kutundikwa ni nusu ya kura. Lakini kila alipotoka getini, kisiki chake kilimtazama. Akilini aliwaona majaji wa mashindano wakipita wanasifia mti huu na ule, wakifika hapo wanasimama na kuuliza: nyumba hii ni ya nani?

Mtu mwingine angevunja saruji. Mwenyekiti aliitisha mkutano.

Watu walikusanyika hapo hapo barabarani, kivulini, wakanywa soda za Mwenyekiti. Alianza kwa kuuliza nani hapendi maendeleo. Mikono yote ikabaki kwenye chupa. Akauliza nani anapenda maendeleo, mikono ikaenda juu, na wa Shangazi ukiwemo, kwa kuwa alikuwa amekalishwa kiti cha mbele na kuitwa mama yetu sote mara kadhaa. Hapo Mwenyekiti akashukuru kwa kura hiyo ya kauli moja, kisha ndipo akaeleza walichokipigia. Miti ya mtaa, alisema, imekua kiholela. Mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Majaji wataona ubaguzi. Kwa hiyo siku moja kabla ya ugeni itapunguzwa yote ilingane, na kwa sababu huwezi kumrefusha mfupi, itafuatwa kipimo cha ule uliokwisha kupunguzwa tayari. Hakusema ni upi. Watu waligeuka wakakitazama kisiki chake.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kuacha jambo lipite bila kulipigia mstari. Alisimama akasema usawa ndio msingi wa haki, akakaa. Hakuna aliyetaka kuonekana anapinga haki huku ana soda mkononi. Tena, tuseme ukweli, kila mmoja pale alikuwa na kinyongo na majani ya mti wa jirani yanayoangukia uani kwake, na kila mmoja alikuwa anapata picha akilini ya mti wa mwenzake ukikatwa.

Msusi aliinua mkono. Mwenyekiti alimwambia kwa upole kabisa kwamba mti husemewa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba amekwisha kusema kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni ile Shangazi hakula. Aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu aliyeugundua umeiba.

"Mimi niliulizwa maendeleo, mwanangu," alisema. "Ningesemaje? Kwamba siyapendi?"

Msusi alimwambia asijali, akamkanda mabega. Usiku alilala akiwaza pa kwenda na viti vyake viwili, na hakupaona.

Siku moja kabla ya ugeni, asubuhi, akaletwa mkata miti na msumeno wake wa mashine. Alikuwa amekodiwa kwa siku ile tu, kesho yake alikuwa na kazi ya shamba la mtu mbali huko. Akaanzia kona ya juu. Msumeno ulinguruma, tawi likaenda, na jua likaanguka barabarani kwa kishindo, likiwa halijawahi kufika pale tangu barabara ichongwe. Mbwa aliyekuwa amelala aliruka kama aliyemwagiwa maji.

Saa hiyo hiyo, kutoka geti la mbele, akaja mke wa Mwenyekiti. Watu walimwita Mama Mwenyekiti, ingawa wasemao ukweli walimwita Mwenyekiti, na yule mwingine wakamwita mumewe. Alikuja kusukwa. Mumewe ndiye aliyemtuma, amwambie msusi amtengeneze kichwa cha kupokelea wageni, maana kesho watapigwa picha pamoja. Huyo huyo ndiye aliyemtuma mkata miti. Mtu akiwa na amri nyingi mno, huwa hazijuani.

Mama Mwenyekiti alikaa, akatandaza kanga mapajani, akasema anataka nywele ndogo ndogo.

"Ndogo kiasi gani, mama?" aliuliza msusi.

"Ndogo za kuwaudhi watu."

Msusi alisikiliza msumeno kule juu. Akatazama kichwa kilichokuwa mbele yake, kipana, chenye nywele nyingi zilizojaa, akatazama mti, akarudi tena kichwani. Akachukua chanuo. Akagawa kinywele chembamba kama uzi wa kushonea kitufe, akakisuka taratibu, akakivuta, akakitazama kama fundi saa, akakifumua, akakisuka upya.

Hivyo ndivyo Mkono Mwepesi alivyokuwa mzito kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

Msumeno uliteremka mtaa. Nyumba baada ya nyumba, dari lilifunguka, na watu waliotoka kushangilia mti wa jirani ukikatwa waligundua kwamba na jua lake linakuja kwao. Wakarudi ndani. Ndani nako kukawa na joto. Wakatoka tena, wakasimama barabarani wamekunja uso, wakiwa hawana pa kupelekea lawama, kwani kila mmoja aliukumbuka mkono wake ulivyokuwa juu. Mwalimu mstaafu alifungua mwavuli.

Mama Mwenyekiti alikuwa amesinzia akaamka, akajipapasa kichwa. Nusu ilikuwa imesukwa, imelala, inang'aa. Nusu ya pili ilisimama kama ufagio wa chelewa.

"Binti, leo mkono wako umepatwa na nini?"

"Mkono una mawazo, mama."

"Unawaza nini?"

Msusi alipaka mafuta, akanyoosha mgawanyo kwa ncha ya chanuo. Kisha akasema kwamba anawaza atakakommalizia, kwa kuwa mkata miti yuko nyumba ya tatu kutoka hapo, chumbani kwa shangazi ni tanuri, na huko kote alikopita kumekuwa jangwa. Labda, alisema, waende kwenye kibaraza cha mama mwenyewe, hapo mbele.

Mama Mwenyekiti alinyanyua macho akatazama kibaraza chake. Kilikuwa kimepoa, kimetulia, kiti chake cha kamba kikimsubiri kama kilivyomsubiri kila alasiri. Akatazama kivuli kilichokuwa juu ya kiti kile. Akakifuata kwa macho kinavyotoka kibarazani, kinavyoshuka ngazi, kinavyovuka barabara, mpaka kikamfikisha kwenye miguu yake mwenyewe, alipokuwa amekaa. Alikaa miaka yote ile akidhani kibaraza chake kina ubaridi wa asili.

"Ala," alisema polepole. "Kumbe ni huu."

"Ni huu, mama," alisema msusi, akaendelea kusuka.

Mkata miti alifika, amejaa unga wa mbao mpaka kwenye nyusi. Aliukagua mti, akawatazama watu wawili chini yake, akakohoa. Aliomba radhi, akasema mama akipenda asogee kidogo, tawi halichagui kichwa. Mama Mwenyekiti hakusogea. Mkata miti akashauri labda ajifunge kitambaa, aende, atarudi baadaye.

"Kitambaa nitakufunga wewe, mdomoni," alijibiwa.

Mkata miti alikuwa mtu mzima mwenye mke. Alizima mashine akakaa juu ya gogo.

Watu wakaanza kusogea. Kwanza walisema wanakuja kuangalia kuna nini, lakini walisimama kivulini, na waliosimama hawakuondoka. Kilikuwa ndicho kivuli pekee kilichobaki. Mtaa mzima ukabanana chini ya mti mmoja, wakikanyagana vidole na kuombana samahani, hata Mwenyekiti alipotoka getini alidhani kuna msiba.

Akauliza kwa nini kazi imesimama. Mkata miti akaonyesha kwa kidevu. Mwenyekiti akavuka barabara kando ya kivuli, jua likimpiga utosini mpaka ukamemeta. Akamwambia mkewe, kwa ile sauti ya mikutano, ainuke, kazi ya umma haisubiri nywele.

"Nikiinuka hivi nilivyo, baba watoto," alisema Mama Mwenyekiti bila kugeuka, "wageni wako kesho watauliza kichwa hiki ni cha mke wa nani."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Mwenyekiti akalegeza sauti. Akaeleza tena habari ya usawa, kwamba haiwezekani mti mmoja ubaki mrefu wakati mingine imekubali kupunguzwa, na kwamba yeye kama kiongozi hawezi kupendelea.

Mama Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mkasi kutoka kwenye mfuko wa msusi, akaunyoosha kwa mumewe, mpini mbele.

"Sawa. Na kwangu mimi anzia hapa," alisema, akainamisha kichwa. "Zikate zote zilingane na zako. Huwezi kumrefusha mfupi, si ndivyo ulivyosema?"

Watu hawakucheka. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Waliinama, wakatazama viatu vyao, wakabana pumzi, na mabega yakawatikisika. Shangazi aliyekuwa mlangoni aliingia ndani haraka, na kutoka huko ikasikika sauti kama ya mtu anayepaliwa. Mwenyekiti aliuangalia mkasi. Mkono wake, bila ya kumwomba ruhusa, ukapanda ukapapasa upara wake. Akasema suala hilo litaangaliwa upya na kamati, akavuka barabara kurudi kwake, safari hii akitembea upande wenye kivuli.

Msusi alimaliza kichwa jua lilipokuwa linazama. Mkata miti alikuwa amekwisha kufunga mashine yake na kwenda zake. Mama Mwenyekiti alijitazama kwenye kioo cha msumarini, akageuka huku, akageuka kule, akasema kazi nzuri, ila siku nyingine asifanyiwe kichwa kimoja kwa muda wa vichwa vinne. Hakuuliza sababu, wala msusi hakumweleza. Kuna mambo wanawake huachiana kama chenji.

Kesho yake majaji wakaja. Walianza kona ya juu wakiwa na tabasamu, na kila walipopiga hatua tabasamu liliyeyuka pamoja na poda. Walipita katikati ya visiki vilivyosimama sawasawa kama askari waliovuliwa kofia. Mkuu wao, mama mnene mwenye suti nzito, alikuwa ameuliza mara tatu kama wamekosea mtaa. Walipofika kwenye mti wa Shangazi walisimama, na hawakutaka tena kuondoka. Hotuba zote zikatolewa hapo. Hata waliokuwa wamepangiwa hotuba fupi walizirefusha, na safari hii waliombwa waendelee.

Mkuu huyo wa majaji akauliza nani ameuhifadhi mti huu mzuri namna hii wakati mingine yote imekatwa na watu wasio na akili.

Msusi alitazama chini. Mama Mwenyekiti alitazama juu. Mwenyekiti alipiga hatua mbele.

Alisema palikuwa na mashinikizo makubwa. Alisema wapo waliotaka hata huu ukatwe, lakini yeye alisimama kidete. Alisema katika familia yake miti ni kama watoto. Aliposema hayo, mwalimu mstaafu alipiga makofi, kwa mazoea. Na ukiwasikiliza watu wa mtaa tangu siku ile, hakuna aliyepiga kura ya kukata. Mikono ilijiinua yenyewe.

Mtaa haukushinda. Ulioshinda ni wa upande wa pili wa jiji, usio na mti hata mmoja, ila wakazi wake walikuwa wamefunga minazi ya plastiki kwenye nguzo za umeme, na ile haikuwa na tofauti ya urefu. Ila Mwenyekiti alipewa na jiji nishani ya mhifadhi wa miti. Wiki iliyofuata alileta mafundi wakazungushia mti wa Shangazi uzio wa chuma, wakaweka tangazo la kukataza biashara ndani yake, kisha wakatundika kibao chenye jina la Mwenyekiti na nishani yake. Hawakuhangaika kutafuta msumari. Walikuta mmoja umekwisha kupigiliwa, wenye kioo, wakakishusha kioo.

Shangazi alilia, safari hii bila kujificha. Alisema heri ungekatwa tu, kuliko kumwona mtu amejivika nguo yako na kukuuliza imempendezaje.

Msusi alifuta kioo kwa upindo wa gauni. Alikaa mlangoni siku nzima, mikono mapajani, akitazama. Asubuhi kivuli cha mti kilitoka ndani ya uzio, kikapita katikati ya nondo bila kuomba ruhusa, kikalala mlangoni kwa Shangazi. Jua lilipopanda kilijikunja miguuni pa mti. Jua lilipogeuka kikatoka upande wa pili, kikavuka barabara, kikapanda ngazi za Mwenyekiti na kukaa kwenye kibaraza chake mpaka jioni.

Kesho yake alisukia mlangoni asubuhi, mguu wake haukugusa uzio. Adhuhuri alipumzika. Alasiri alibeba kiti kimoja kila mkono, chanuo kichwani, kioo kwapani, akavuka barabara. Mama Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti chake cha kamba.

"Umechelewa," alimwambia. "Weka hapo, karibu na dirisha. Hapo ndipo panapopoa zaidi."

Dirisha lilikuwa la sebule, ambamo Mwenyekiti alikuwa akiandaa maneno yake ya udiwani. Wateja walifika mmoja mmoja, wakaketi, na kwa kuwa mkono wa msusi ulikuwa bado haujarudia wepesi wake wa zamani, kila mmoja alipata nafasi ya kumaliza kisa chake. Visa vilikuwa vingi, lakini vyote, kwa njia moja au nyingine, viliishia kwenye saruji iliyoukausha mti wa getini. Mwenyekiti angeweza kutoka awafukuze. Lakini mwenye kibaraza alikuwa mkewe, na mkasi ulikuwa juu ya ukuta, mpini ukielekea ndani.

Alinyanyuka, akafunga dirisha. Joto likamfungulia tena.